Windows 10 imefika mwisho: Je, Linux yenye sura ya zamani inaweza kuokoa mashini za Bukavu?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na ambao bado uko kwenye mashini nyingi za ofisi, shule na sekretariati za Bukavu. Siku hiyo hakuna mashini iliyozimika. Wanafunzi waliendelea kupeleka TFC zao kuchapwa, na mafundi waliendelea kuweka Windows ileile kwa flashi ileile. Ndiyo maana wakaaji wengi hawakuona kwamba kuna jambo lililobadilika.

Lakini lipo. Mashini isiyopata tena masasisho ya usalama inafanana na nyumba ambayo kitasa chake kimeharibika: mlango unafungwa, ila haulindi kitu. Kila tundu jipya linalogunduliwa kwenye Windows 10 litabaki wazi kwa yeyote ambaye hajajiandikisha kwa ulinzi wa nyongeza. Na katika mji ambapo flashi moja inapita kwenye mashini ishirini kwa siku, tundu moja linatosha.

Mafundi wa informatiki wana jibu moja wanalolirudia kila mara: Linux, mfumo wa bure, usiohitaji leseni, unaofanya kazi hata kwenye mashini ya zamani. Jibu hilo ni la kweli, lakini watu wengi wanalikataa mara tu wanapoiona ekrani. Swali la leo ni kama kubadilisha sura ya Linux, kuipa ile sura ya kioo ya Windows 7 ambayo watu waliizoea, kunaweza kuvunja kizuizi hicho. Na kama kikivunjika, ni kipi kitabaki.

Kwa nini Windows 11 si suluhisho kwa wengi

Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 na masharti makali. Inataka mashini yenye kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali rasmi prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, yaani zilizoanza kutoka mwishoni mwa mwaka 2017. Mashini nyingi zinazouzwa Bukavu ni za okazyo, zilizokwisha kutumiwa Ulaya au Dubai kabla ya kupita Kigali, Kampala au Dar es Salaam. Nyingi ni za vizazi vya nyuma ya hapo. Zina nguvu ya kutosha kuandika barua na kufanya hesabu, lakini mlango wa Windows 11 umefungwa kwao. Mafundi wanajua njia za kuulazimisha, ila Microsoft haitoi ahadi yoyote kwa mashini iliyolazimishwa.

Microsoft iliacha njia ya muda: mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya usalama, hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo kwa mtu anayeunganisha mashini yake na akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake huko. Kwa mtu mwenye Windows ya leseni na intaneti ya uhakika, hiyo ni nafuu. Lakini si siri kwamba kuweka Windows isiyo na leseni ni jambo la kawaida mjini. Na tangu AFC/M23 ilipouteka mji katikati ya Februari 2025, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama, na dola ikawa ngumu kupatikana. Hata kwa sekretariati yenye dola hizo, kulipa kwa kadi ni tatizo lingine. Baada ya mwaka huo, swali lingerudi palepale.

Sura si urembo tu

Wale wanaopenda Linux husema kwamba sura ni jambo dogo. Kwa mtu anayelipwa kwa kila ukurasa anaochapa, si dogo. Mkono wake unajua mahali kila kitu kilipo: kitufe cha kuanzia pembeni chini kushoto, saa chini kulia, mafaili kwenye dirisha lenye folda za manjano. Akitafuta kwa dakika tano jinsi ya kufungua flashi ya mteja, mteja anachukua flashi yake na kwenda mlango wa pili.

Kizazi kizima cha wachapaji wa Bukavu kilijifunza kazi kwenye Windows 7, iliyotoka tarehe 22 Oktoba 2009. Sura yake iliitwa Aero. Kingo za madirisha zilipitisha mwanga kama kioo chenye ukungu, na kilichokuwa nyuma kilionekana kwa mbali. Aero ilianza na Windows Vista mwaka 2007, ikawachosha watu kwa uzito wake, kisha ikapendwa katika Windows 7. Mwaka 2012 Windows 8 iliiondoa na kuleta rangi tambarare. Microsoft ilifunga kabisa masasisho ya kawaida ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, lakini si ajabu kuikuta bado inafanya kazi kwenye mashini ya kona moja ya ofisi.

Sasa kioo kimerudi hata kwa matajiri. Juni 2025 kampuni ya Apple ilitangaza sura mpya ya simu na kompyuta zake, inayoitwa Liquid Glass, yaani kioo cha majimaji. Duniani kuna vijana wengi wanaotafuta sura ya miaka ile kwa sababu ya kumbukumbu. Bukavu sababu ni ya kazi zaidi: sura ile ndiyo watu waliyofundishiwa.

Imaji inajengwa namna gani

Neno la kuelewa hapa ni imaji, yaani nakala moja kamili ya mfumo mzima: mfumo wenyewe, programu, lugha, klavye, sura, vyote vikiwa vimefungwa pamoja. Badala ya fundi kukaa saa tatu kwenye kila mashini akiweka kitu kimoja kimoja, anajenga imaji mara moja, anaiweka kwenye flashi, na kila mashini inapokea kitu kilekile.

Kazi inaanza na orodha ya maagizo iliyoandikwa katika faili la kawaida, mfano wa karatasi ya mpishi. Mstari wa kwanza unataja msingi: mara nyingi Debian, au Fedora Kinoite. Mistari inayofuata inasema nini kiongezwe na nini kiondolewe. Kompyuta inasoma orodha hiyo na kutoa imaji iliyo tayari. Kesho fundi akitaka kubadilisha jambo, anarekebisha mstari mmoja na kujenga upya.

Sura ya kioo inatoka kwenye Plasma, ekrani ya kazi inayotengenezwa na jumuiya ya KDE. Plasma ina uwezo wa ndani wa kufanya kingo za madirisha zipitishe mwanga wenye ukungu. Kitufe cha kuanzia kinaweza kuwekwa chini kushoto, na upau wa chini ukafanana na ule wa 2009. Uko hata mradi wa wazi, AeroThemePlasma, unaoiga Windows 7 kwa karibu sana.

Kwa Bukavu, orodha nzuri isingeishia kwenye kioo. Ingeweka Kifaransa kuwa lugha ya kwanza. Ingeweka klavye za aina mbili au tatu, kwa sababu mashini ya Dubai huja na QWERTY, ya Ufaransa na AZERTY, na ya Ubelgiji na AZERTY iliyo tofauti kidogo. Mchapaji anayekosa é na ç hawezi kumaliza memwari. Ingeweka LibreOffice pamoja na herufi za Liberation Serif na Carlito, ambazo upana wake unalingana na Times New Roman na Calibri. Bila herufi hizo, kazi ya kurasa 60 iliyoandikwa nyumbani kwenye Word inaweza kufunguka sekretariati ikiwa na kurasa 63, na jedwali la yaliyomo likawa uongo. Ingeweka pia programu za mashini za kuchapa za HP, ambazo kwa sehemu kubwa zinaelewana vizuri na Linux.

Faida ya pesa iko wazi. Imaji ya namna hiyo inaweza kufika gigabaiti tatu au nne. Ikipakuliwa mara moja na kunakiliwa kwa flashi, mashini kumi zimetumia gigabaiti nne za intaneti. Kila mashini ikipakua yake, ni arobaini. Kila mtu anayenunua forfe ya intaneti mjini anajua tofauti hiyo.

Umeme ukikatika katikati

Hapa ndipo uchaguzi wa msingi unapokuwa mzito kuliko uchaguzi wa rangi. Bukavu inategemea umeme wa mabwawa ya mto Ruzizi, Ruzizi I iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi II ya mwaka 1989, na delestaji ni sehemu ya maisha. Umeme ukikatika wakati mashini ya mezani inajisasisha, mfumo wa kawaida unaweza kubaki nusu mpya na nusu wa zamani. Kwenye Debian hali hiyo mara nyingi inarekebishika, lakini inamtaka fundi anayejua.

Fedora Kinoite na mifumo ya aina yake inafanya tofauti. Sasisho jipya linaandikwa pembeni, bila kugusa mfumo unaotumika. Likikamilika, mashini inahamia kwake siku inayowashwa tena. Umeme ukikatika katikati, mfumo wa zamani bado upo mzima. Hata sasisho likiwa bovu, mtumiaji anachagua toleo la jana wakati wa kuwasha, na kazi inaendelea. Kwa mji wa delestaji, hilo si jambo la anasa.

Lakini mfumo huo una gharama yake. Masasisho yake huwa mazito, na kila toleo la Fedora linatunzwa kwa takriban miezi 13 tu, kisha lazima kuhamia jipya. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, inapewa miaka mitano, hadi 2030, na masasisho yake ni madogo. Kwa hiyo shule isiyo na intaneti ya kudumu inaweza kufaidika zaidi na Debian, na ofisi yenye intaneti lakini isiyo na umeme wa uhakika ikafaidika na Kinoite. Debian 13 pia haiwekwi tena kwenye mashini za biti 32. Zile za zamani sana hazitaokolewa na imaji hii, hata sura ikiwa nzuri namna gani.

Kioo kinapodanganya

Kuna hatari tatu ambazo mwenye mashini anapaswa kuambiwa kabla.

Ya kwanza ni uzito. Ukungu wa kioo unafanyiwa kazi na sehemu ya picha ya mashini. Kwenye mashini yenye gigabaiti nne za memori inaenda. Kwenye yenye mbili, itachosha. Hapo ni afadhali kuzima ukungu na kubakiza mpangilio tu, kwa sababu mpangilio ndio mkono unaoujua.

Ya pili ni haki za mwenyewe. Linux na Plasma ni za kila mtu, na mtu anaruhusiwa kuzibadilisha na kuzigawa. Lakini alama ya Windows, sauti zake, picha zake za ukutani na herufi zake za Segoe ni mali ya Microsoft. Fundi akiziweka ndani ya imaji na kuigawa, amerudi kwenye uharamia aliotaka kuukimbia. Haihitajiki hivyo. Picha ya ziwa Kivu asubuhi inajaza ekrani vizuri kuliko kilima cha kigeni.

Ya tatu ndiyo inayovunja watu moyo zaidi. Mashini inayofanana na Windows inamfanya mtumiaji aamini kwamba ni Windows. Ataleta programu yenye jina linaloishia na exe, ataibofya mara mbili, haitafunguka, naye atasema mashini imeharibika. Programu za uhasibu kama Sage, ambazo ofisi na shule za biashara zinazitumia, zimetengenezwa kwa Windows. Faili za Excel zenye makro ngumu zinaweza kukataa. Baadhi ya mashini ndogo za kuchapa za Canon za zamani zinasumbua. Sura ya zamani inasaidia kama mwenye mashini ameambiwa ukweli siku ya kwanza: hii ni Linux, inafanya haya, haifanyi yale. Ofisi yenye mhasibu inapaswa kubakiza mashini moja ya Windows kwa kazi hiyo, ikiwezekana isiyounganishwa na intaneti.

Yaliyotokea ng'ambo ya Ruzizi

Mfano wa karibu uko upande wa pili wa mpaka. Kuanzia mwaka 2008, Rwanda ilianza kugawa kwa shule za msingi kompyuta ndogo za XO za mradi wa One Laptop per Child, hadi zikapita 200,000. Ndani yake kulikuwa na Linux iliyojengwa juu ya Fedora, na sura inayoitwa Sugar iliyobuniwa kwa ajili ya watoto. Haikuwa na madirisha wala folda kama za ofisini. Wabunifu walikuwa na sababu zao za kielimu. Lakini baadaye, kuanzia mwaka 2014, serikali ya Kigali iliingia makubaliano na Microsoft na kampuni ya Positivo, na madarasa mapya yakapata mashini za Windows.

Ulaya pia ina somo. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux yake lenyewe, iliyoitwa LiMux, na likahamisha mashini karibu 15,000. Mwaka 2017 baraza la jiji lilipiga kura kurudi Windows. Teknolojia ilikuwa ikifanya kazi. Kilichokosekana ni makubaliano ya kudumu kati ya wanaoamua, wanaotunza na wanaotumia.

Mifano hiyo miwili inasema jambo lilelile kwa Bukavu. Kujenga mfumo ni kazi ya wiki chache. Kuutunza ni kazi ya miaka, na huanguka pale ambapo mtunzaji anaondoka au mtumiaji hakuulizwa.

Nani anashika ufunguo

Swali hilo lina uzito wa pekee Bukavu leo. Anayejenga imaji anaamua kila kinachoingia ndani ya mashini. Anaweza kuweka LibreOffice. Anaweza pia kuweka programu inayonakili kila kinachochapwa, na mwenye mashini asijue. Kupitia sekretariati za mji zinapita pasipoti, kadi za uchaguzi, barua za kesi, orodha za wanaosaidiwa na mashirika, maombi ya watu wanaotaka kusafiri. Katika mji ambapo watu wanapima neno kabla ya kulisema, karatasi hizo zikivuja, mtu anaweza kulipa kwa zaidi ya pesa.

Kanuni ya Kidijitali ya Congo, iliyotiwa saini Machi 2023, inazungumzia ulinzi wa data za watu. Lakini sheria ya Kinshasa haina mkono mrefu Bukavu kwa sasa. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza ni wa kiufundi na wa kijamii. Orodha ya maagizo iliyotumika kujenga imaji lazima iwe wazi ili fundi mwingine aweze kuisoma na kujenga imaji hiyohiyo. Imaji iwe na namba yake ya uhakiki, ambayo mtu anaweza kuilinganisha kabla ya kuiweka, kuona kama imeguswa njiani. Diski ifungwe kwa neno la siri, ili mashini ikiibwa au ikichukuliwa, yaliyomo yasisomeke. Imaji ya kioo kizuri inayopita kwa flashi bila kujulikana imetoka wapi ni mbaya kuliko Windows 10 ya zamani, kwa sababu Windows 10 angalau kila mtu anajua udhaifu wake.

Hapa vyuo vina nafasi. Idara za informatiki za Bukavu kila mwaka zinapokea TFC za wanafunzi wanaotengeneza programu ambayo baada ya utetezi haiguswi tena. Orodha ya imaji ya Linux kwa sekretariati au kwa shule ya sekondari ni kazi inayopimika: inawashwa au haiwashwi, inachapa au haichapi. Na tofauti na TFC nyingi, mwanafunzi wa mwaka unaofuata anaweza kuichukua ilipoachwa na kuiendeleza. Hivyo mtunzaji hawi mtu mmoja anayeweza kuondoka mji kesho, bali idara.

Kuanza kidogo

Hakuna sababu ya kubadilisha chumba kizima kwa siku moja. Linux inaweza kuwashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya mashini, ili mchapaji ajaribu klavye, mashini ya kuchapa na faili zake za Word. Sekretariati yenye mashini kumi inaweza kuanza na tatu kwa mwezi mmoja, ikaandika kila kilichokwama, na kumrudishia fundi orodha hiyo arekebishe maagizo yake. Kisha nne nyingine. Ile ya mhasibu ibaki ilivyo.

Sura ya kioo itafanya kazi yake katika dakika kumi za kwanza, pale ambapo mtu anaamua kukaa au kuinuka. Hizo dakika kumi ni za thamani, kwa sababu ndizo zilizoishinda Linux mara nyingi. Baada ya hapo, mwenye mashini ataacha kuangalia kingo za madirisha na kuanza kuuliza maswali mengine: nani aliyeijenga, nani atakayeileta sasisho linalofuata, na atapatikana wapi mashini ikikataa kuwaka siku ya kuwasilisha memwari. Fundi asiye na majibu ya maswali hayo hajaleta mfumo bado, hata kioo chake kiking'aa.